Eugene Bullard: Rubani wa vita aliyeishia kuendesha lifti New York

HEBU fikiria hivi. Ni mwaka wa 1959, uko jijini New York na una haraka ya kufika kazini. Unaingia kwenye lifti ya jumba moja refu pale Rockefeller Center. Ndani yuko mzee mweusi, miaka yake sitini na kitu, amevalia sare safi ya kazi. Anakusalimu kwa heshima, anakuuliza unaenda ghorofa ya ngapi, anakupandisha. Mlango unafunguka, unatoka. Humtazami mara mbili. Nani humtazama mara mbili msee wa lifti?

Sasa ngoja nikuambie ni nani uliyempita.

Huyo mzee alipigana vita viwili vya dunia. Alirusha ndege ya kivita angani Ufaransa wakati ndege zenyewe zilikuwa mbao, kitambaa na waya. Alipanda ulingoni kama bondia, akapiga ngoma kwenye bendi, akasimamia klabu ya usiku Paris na akapeleleza Wajerumani. Nyumbani kwake Harlem, ukutani, alitundika nishani zaidi ya kumi kutoka kwa serikali ya Ufaransa. Jina lake Eugene Bullard.

Mimi nilikutana na jina hili kwa njia ya ubishi. Tuko na kambogi ketu ka wapenzi wa ndege, za chuma, si zile za manyoya. Wikendi nyingine utatupata kando ya barabara karibu na uwanja wa Wilson, shingo zikitazama juu, tukibishana hiyo iliyopita ni aina gani. Siku moja mmoja wetu akatupa swali la chemsha bongo: rubani wa kwanza mweusi wa ndege za vita alikuwa nani? Kila mtu akaropoka la kwake. Mimi nikanyamaza, kwa sababu sikujua. Nilipofika kwa nyumba nikaanza kusoma, na sikulala mpaka saa tisa usiku.

Jibu la swali hilo nitakupa, lakini kwanza twende kwao.

Mtoto aliyehepa nyumbani

Eugene alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1895, mji wa Columbus, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Walikuwa watoto kumi, yeye wa saba. Kama hujui Georgia ya wakati ule ilikuwaje, elewa tu kwamba mtu mweusi angeweza kutundikwa mtini na umati kwa kosa la kumjibu mzungu, na asubuhi watu waende kazini kama kawaida.

Jambo hilo lilibisha hodi kwao. Babake aligombana na msimamizi mzungu kazini. Usiku, umati ukaja nyumbani kumtafuta. Walioishi humo waliponea chupuchupu. Watoto walikuwa gizani, wamejikunyata, wakisikia sauti za watu walevi mlangoni. Kitu kama hicho hakimtoki mtoto kichwani.

Babake huyo huyo alikuwa na hadithi moja aliyopenda kuwapa watoto wake: kwamba ng'ambo ya bahari kuna nchi inaitwa Ufaransa, na huko mtu mweusi anachukuliwa kuwa mtu. Wewe na mimi tunajua kwamba Ufaransa hiyo hiyo ilikuwa ikitawala watu weusi kwa mabavu huku Afrika. Lakini mtoto wa Georgia hakuhitaji ukweli wote. Alihitaji mahali pa kukimbilia.

Akiwa na umri wa miaka kama kumi na moja hivi, akahepa. Kwa miaka kadhaa alizurura Georgia akitafuta njia ya kufika baharini. Aliishi na kundi la Waroma kutoka Uingereza waliofuga na kukimbiza farasi, wakamfundisha kuwatunza na kuwapanda. Ni hao waliomwambia kwamba hata Uingereza hakuna mambo ya mlango wa weusi na mlango wa weupe. Sasa akawa na shabaha mbili badala ya moja.

Mwaka wa 1912, akiwa na miaka 16, alifika bandari ya Norfolk, Virginia, akazamia meli ya mizigo ya Kijerumani. Kama umekulia Mombasa au una binamu aliyekulia huko, unaijua hiyo lugha. Kuzamia meli ni kamari ya roho. Wakikupata, nahodha ndiye anaamua kama wewe ni abiria au ni mzigo wa kutupwa. Bullard alikuwa na bahati. Walimpa kazi, na meli ilipofika Scotland akashushwa Aberdeen. Alikuwa amevuka bahari bila tikiti, bila mjomba wa kumpokea, bila chochote.

Ngumi na ngoma

Huko Uingereza alikula kwa jasho. Alibeba mizigo bandarini, akafanya maigizo ya kuchekesha jukwaani, akaingia kwenye masumbwi. Bondia Mmarekani aliyeitwa Dixie Kid, ambaye alikuwa amewahi kuwa bingwa wa dunia, alimchukua chini ya bawa lake na kumnoa. Mwaka wa 1913 akapata pigano Paris. Ndoto ya babake ikawa mtaa anaotembea. Hakutaka kutoka tena.

Halafu Agosti 1914 vita vikalipuka.

Bullard hakuwa raia wa Ufaransa. Angeweza kubeba virago aende zake. Lakini mwezi Oktoba mwaka huo, siku kumi tu baada ya kutimiza miaka 19, alijiandikisha katika Kikosi cha Kigeni, ambacho Ufaransa huwachukulia wageni walio tayari kupigana chini ya bendera yake. Akapewa bunduki ya rashasha na kupelekwa kwenye mahandaki: Artois, Champagne, na mwishowe Verdun.

Verdun ilikuwa mashine ya kusaga watu. Vita hivyo vilianza Februari 1916 na kuendelea kwa karibu miezi kumi, Wafaransa na Wajerumani wakiuana kwa maelfu juu ya vilima vichache. Mwezi Machi, Bullard akiwa na kikosi cha 170 cha wanajeshi wa miguu, kombora likamrarua paja. Alipewa nishani ya vita, Croix de Guerre, na madaktari wakaona kwamba kurudi kwenye mahandaki itakuwa shida. Alikuwa na umri wa miaka 20. Kwa wengi, hadithi ingeishia hapo: mguu mbovu, nishani, pensheni.

Dau la dola 2,000

Akiwa anapona, Bullard alianza kusema kwamba anataka kurusha ndege. Kwa mujibu wa kumbukumbu alizoandika mwenyewe uzeeni, rafiki yake mmoja mzungu kutoka kusini mwa Marekani alimcheka na kumwambia kwamba mtu mweusi hawezi kuwa rubani. Wakawekeana dau la dola 2,000. Hizo zilikuwa pesa za kununua nyumba siku hizo. Bullard akakubali.

Hapa ndipo wapenzi wa ndege tunasogeza viti karibu.

Alianza na mafunzo ya mpiga risasi wa ndege Oktoba 1916, kisha akaomba ahamishwe kwenye urubani, akakubaliwa. Jua kwamba kujifunza kurusha ndege wakati huo kulikuwa hatari karibu kama vita vyenyewe. Katika baadhi ya shule za Ufaransa walianza na ndege iliyokatwa mabawa makusudi ili isiweze kupaa. Mwanafunzi anakimbia nayo uwanjani kama kuku anayefukuzwa, mpaka ajue kuinyoosha. Baadaye unapewa ndege kamili. Hakuna redio. Hakuna paa juu ya kichwa, upepo baridi unakuchapa usoni. Na hakuna parashuti: marubani wa Ufaransa hawakupewa. Ndege ikishika moto, chagua mwenyewe, uungue au uruke.

Tarehe 5 Mei 1917 Bullard alipata leseni yake ya urubani. Akarudi kwa yule rafiki, na kwa mujibu wake mwenyewe, akalipwa dau lake lote.

Agosti 1917 alitumwa kwenye kikosi cha Spa 93, baadaye Spa 85. Na hapa kuna kitu kidogo cha kuwashinda nacho wenzako: herufi hizo za mwanzo ziliwakilisha aina ya ndege ambayo kikosi kilitumia. Kikosi cha ndege za Nieuport kilianza na N, cha ndege za SPAD kikaanza na SPA. Kikosi kikibadilishiwa ndege, herufi nazo zinabadilika, namba inabaki.

SPAD VII ilikuwa na kiti kimoja, mabawa mawili yaliyopandana kama vitanda vya bweni, injini ya Hispano-Suiza na rashasha moja ya Vickers iliyofyatua risasi katikati ya propela inayozunguka. Ndiyo, katikati. Kulikuwa na mtambo uliounganisha bunduki na injini ili risasi itoke tu wakati ubapa wa propela haupo mbele ya mdomo wa bunduki. Mtambo ukikosea, unajipiga mwenyewe.

Bullard alirusha mashine hiyo katika misheni takriban 20. Na hakwenda peke yake. Ndani ya koti lake alibeba tumbili mdogo aliyeitwa Jimmy, aliyemnunua Paris. Ukisikia mtu anasema hiyo ni chumvi ya intaneti, mwambie hapana, ni kweli.

Je, aliangusha ndege ngapi? Yeye alidai mbili. Rekodi rasmi zinasema sufuri. Kabla hujamwita mwongo, elewa kanuni. Jeshi la Ufaransa lilitaka mashahidi kabla ya kukuandikia ushindi. Ukimwangusha adui nyuma ya mistari yake, ambako hakuna Mfaransa wa kushuhudia, umeangusha hewa. Marubani wengi walikuwa na madai ya namna hiyo. Kwa hiyo tukiwa wakweli, hatuwezi kuandika mbili, na hatuwezi kuandika kwamba hakuna kilichotokea. Tunaandika: hazikuthibitishwa. Thamani ya huyu msee haiko kwenye hesabu hiyo.

Barua ambayo haikuja

Aprili 1917 Marekani iliingia vitani. Ilihitaji marubani haraka, na tayari kulikuwa na Wamarekani waliokuwa wakirusha ndege chini ya bendera ya Ufaransa. Ikawaita: njooni nyumbani, tutawapa vyeo vya uofisa. Bullard akaomba. Mwezi Agosti akapimwa afya, akapita.

Akangoja. Wenzake weupe wakaitwa mmoja mmoja. Yeye hakuitwa.

Hakuna aliyemwandikia barua ya kumwambia hutakiwi kwa sababu ya rangi. Hivyo ndivyo mambo haya hufanyika, na pengine wewe unajua vizuri kuliko mimi. Umetuma maombi ya kazi, una karatasi zote, umepita mahojiano, halafu simu inanyamaza. Jeshi la Marekani halikuwa na rubani hata mmoja mweusi, na halikuwa na nia ya kuwa naye. Wa kwanza walihitimu Tuskegee, Alabama, Machi 1942. Hiyo ni karibu miaka 25 baadaye, na rubani tayari walikuwa naye, ameshafuzu, bila kugharamika hata senti moja.

Kisha hata Wafaransa wakamwangusha. Mwishoni mwa 1917, baada ya kugombana na ofisa mmoja wa Kifaransa, aliondolewa kwenye ndege na kurudishwa kwenye kikosi cha 170, kazi za nyuma, mbali na mapigano. Alimaliza vita huko chini, akiwaangalia wenzake juu.

Paris ya jazi

Wengi wangekunywa pombe mpaka wafe. Bullard alijifunza kupiga ngoma. Muziki wa jazi ulikuwa umetua Paris, na mtaa wa Montmartre ulikuwa hauzimi taa. Alianza kama mpiga ngoma, akawa meneja, na mwishowe akawa mwenye mambo yake. Klabu ya Le Grand Duc aliyoisimamia iliajiri mwimbaji Ada Smith, maarufu kama Bricktop. Jikoni, mwaka wa 1924, kijana mmoja aliyeosha vyombo aliitwa Langston Hughes. Ndiyo, yule mshairi. Bullard alioa Mfaransa, Marcelle Straumann, wakapata mabinti wawili, Jacqueline na Lolita. Baadaye wazazi wakaachana na wasichana wakabaki na baba. Alifungua ukumbi wa mazoezi na baa yake mwenyewe, akaiita L'Escadrille, yaani kikosi cha ndege. Angani alikuwa ametolewa, lakini jina alibaki nalo.

Alikuwa anaelewa Kijerumani. Vita vya pili viliponukia mwaka wa 1939, maafisa wa Ufaransa wakamwomba ategee sikio Wajerumani waliokuja kunywa kwake. Nani angemshuku Mweusi anayewahudumia? Walizungumza siri zao mbele yake kana kwamba ni kiti. Alisikia, akapeleka ripoti.

Mwaka wa 1940 Wajerumani walipofurika Ufaransa, Bullard, miaka 44, alishika tena rashasha na kikosi cha 51 karibu na Orléans. Kombora likamrusha, akaumia mgongo. Kama Wajerumani wangemkamata, mpelelezi na mweusi, ungeisha mchezo. Akajikokota mpaka Uhispania, akavuka hadi Ureno, akapanda meli. Mabinti zake walimfuata baadaye.

Mcheza kwao

Waswahili tunasema mcheza kwao hutunzwa. Basi sikia alivyotunzwa.

New York hakuna aliyemjua. Aliuza manukato, akawa bawabu, akafanya kazi bandarini, na kuna wakati alimtafsiria rafiki yake Louis Armstrong safarini. Mgongo haukuwahi kupona sawasawa. Mwaka wa 1949, karibu na mji wa Peekskill, alikwenda kwenye tamasha la mwimbaji Paul Robeson. Umati wa wazungu ukawavamia waliohudhuria. Bullard aliangushwa chini na kupigwa, na waliompiga walikuwamo maafisa wa polisi. Kuna picha za tukio hilo. Mwanajeshi mwenye nishani za Verdun, miaka 53, anachapwa rungu na askari wa nchi yake. Hakuna aliyeshtakiwa.

Ufaransa haikumsahau. Mwaka wa 1954 ilimwita Paris, na pamoja na wanajeshi wengine wawili akawasha upya mwenge kwenye kaburi la Askari Asiyejulikana. Mwaka wa 1959 ikampa Légion d'honneur, nishani yake kuu kabisa. Mwaka uliofuata Rais Charles de Gaulle alipozuru New York, alimkumbatia mbele ya watu.

Na kati ya hayo yote, asubuhi alivaa sare yake akaenda kuendesha lifti. Studio za runinga ya NBC zilikuwa jumba hilo hilo. Mtangazaji Dave Garroway, aliyekuwa akipanda lifti yake, alipopata kujua habari zake alimweka kwenye kipindi, Desemba 1959. Alitokea hewani, watu wakashangaa, kisha akarudi kwenye lifti.

Alifariki tarehe 12 Oktoba 1961 kwa saratani ya tumbo, siku tatu baada ya kufikisha miaka 66. Alizikwa Queens akiwa amevalia sare ya Kikosi cha Kigeni, katika sehemu ya makaburi ya wanajeshi wa Ufaransa.

Agosti 1994, jeshi la anga la Marekani lilimpa cheo cha luteni. Ilikuwa miaka 77 tangu alipopita vipimo vyao, na miaka 33 tangu azikwe. Mwaka wa 2019 wakamsimamishia sanamu Georgia, jimbo lile lile alilolitoroka usiku.

Jibu la swali

Sasa lile swali. Wengi watakuambia Bullard ndiye rubani wa kwanza mweusi wa vita duniani. Usikubali haraka. William Robinson Clarke wa Jamaika alifuzu na jeshi la Uingereza tarehe 26 Aprili 1917, siku tisa kabla ya leseni ya Bullard. Ahmet Ali Çelikten, Mturuki mwenye asili ya Afrika, alirusha ndege za Waothomani kwenye vita hivyo hivyo. Na Domenico Mondelli, aliyezaliwa Asmara, hapa Eritrea, alipata leseni Italia mwaka wa 1914 na baadaye akawa jenerali. Kwa hiyo jibu sahihi ni hili: Bullard ndiye rubani wa kwanza wa vita Mmarekani mweusi. Nilipowapelekea wenzangu pale Wilson jibu hilo, ubishi haukuisha, lakini angalau ulibadilika.

Kuhusu mimi, niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokwama. Ningependa kukuambia kwamba Bullard amenifunza kuwa masomo si kitu, hepa nyumbani, utaomoka. Hakunifunza hivyo. Alifanya kila kitu sawasawa, akafuzu, akavuja damu, na bado simu haikulia. Nilichobaki nacho ni kwamba simu kunyamaza haimaanishi hukufaa. Alijua alichofanya angani, hata siku alizokuwa akibonyeza namba za ghorofa.

Kesho ukiingia jumba lolote mjini, utampata bawabu mlangoni, mama wa usafi kwenye ngazi, mzee wa kuegesha magari. Msalimie kwa jina. Ukiwa na dakika mbili, muulize alikotoka. Mpe maua yake angali anayanusa.